Picha ilitoka safi, kiuno kikaendelea kuuma

Mdogo wangu ana miaka 15, winga wa timu ya mtaani hapa Ngamiani, Tanga, na frikiki zote anapiga yeye. Akaanza kulalamika kiuno, bimkubwa akasema hiyo ngiri tu kama ya babu yake, basi kila usiku dogo anachuliwa mafuta ya nyonyo mpaka shuka zinanuka, kocha nae anadai dogo kawa mvivu siku hizi.

Tukaenda hospitali, eksirei safi, akapewa diklofenaki. Dawa ikiisha maumivu yaleyale. Ila nilishamsoma, akiinama kufunga kamba za kiatu hana shida, akijipinda nyuma aachie shuti anakunja uso.

Aliyetushtua ni dada mmoja wa fiziotherapia, wala hakuanza na picha. "Hebu baba, vua viatu, simama mguu mmoja, jipinde nyuma taratibu." Mguu wa kulia poa. Wa kushoto, dogo akadaka meza kwa mikono miwili. Dada akasema hicho peke yake hakithibitishi kitu, nendeni mkapige MRI, kile kipimo cha sumaku kinachoona ndani zaidi ya eksirei, tukapanda basi la Dar.

Ufa, pingili ya tano ya kiuno, ile ya chini kabisa. Kumbe nyuma ya pingili kuna kijifupa chembamba, sasa mtoto ambaye mifupa haijakomaa akijipinda na kujizungusha kila siku kinachoka kidogokidogo kama waya unaokunjwa palepale, na ufa ukiwa mchanga eksirei inaweza isiuone kabisa.

Dogo akauliza, "Kwahiyo kama Neymar Kombe la Dunia 2014?" Nikamwambia wapi! Neymar alipigwa goti na Zúñiga, beki wa Kolombia, pingili ya tatu, wewe umejivunja mwenyewe.

Operesheni hakuna, wengi wanapona bila kisu. Tiba ni miezi mitatu bila mpira, hapo sasa ndo kasheshe, maana wiki ya pili tu nikamfuma nyuma ya nyumba, "napiga danadana tu bro". Baadae mazoezi: analala chali mkekani, tumbo kakaza, anashusha mguu mmoja mmoja na kiuno kisiachie mkeka. Dakika tano jasho linamtiririka, winga mzima!

Dada alitukazia pia, mgongo unauma halafu miguu inaishiwa nguvu, ganzi sehemu za kukalia au mkojo unagoma kutoka, hiyo ni hospitali sikuhiyohiyo, sio kesho.

Saivi kaanza kukimbia mdogomdogo, frikiki bado marufuku. Bimkubwa chupa ya nyonyo hajaitupa, anasema ngiri haijatoka yote.