Fundi wa Kitonga

Jumamosi, kabla hata sijanywa chai, kitindamimba wetu alikuja akasimama mlangoni, kidole mdomoni.

"Baba, gari limekojoa."

Nikavaa ndala nikatoka. Kweli, chini ya gari, upande wa mikanda, palikuwa na kidimbwi cha ukubwa wa kisosi, rangi ya waridi. Nikamwambia asiguse na asionje, maana kulanti, yale maji ya kupozea injini, ni tamu na ni sumu, na huyu mtoto huonja kila kitu mpaka sabuni. Nikainama kunusa. Harufu ile, kama sukari guru iliyodondokea mkaani, ikanipeleka moja kwa moja mlima Kitonga, njia ya Iringa.

Ilikuwa Desemba 2012, enzi za ile Corolla nyeupe. Mama mkwe alikuwa amekaa kwetu miezi mitatu, alikuja kumtunza mwanawe alipojifungua Neema. Siku za kurudi Iringa zilipofika nikasema nitampeleka mwenyewe. Sikutaka isemwe ukweni kwamba mama kapandishwa basi na gari lipo.

Wiki mbili kabla ya safari gari lilikuwa limeanza kudondosha. Tone, kimya, tone. Fundi wetu wa pale kona, mzee asiyependa maneno mengi, aliingiza mkono, akatikisa puli, lile gurudumu la mkanda, akasema, "Pampu ya maji inaaga hii. Badilisha kabla hujasafiri." Mimi nikajisemea, huyu anatafuta hela ya Krismasi. Nikarudi nyumbani, nikatandika boksi, nikajilaza chini ya gari na tochi. Nikaliona mwenyewe: tundu dogo tumboni mwa pampu, la kuingia njiti ya kiberiti, limezungukwa na ukoko wa pinki. Nikajiona nimemkamata mwizi. Nikachanganya gundi ya chuma, ile ya mirija miwili, nikaziba. Rejeta nikaiongeza maji ya kisima chetu, yale yale yanayoacha weupe kwenye birika.

Asubuhi sakafu ilikuwa kavu kabisa. Nikajisifu kwa mke wangu, kwa jirani, nadhani hata kwa Neema aliyekuwa hajui kukaa. Mama mkwe alikuwa barazani anachambua mchicha. Alinitazama, akatazama ile mirija miwili mkononi mwangu, akaendelea na mchicha wake.

Safari yenyewe sina haja ya kuisimulia. Tulitoka saa kumi alfajiri, Mikumi mama akahesabu twiga, Ruaha Mbuyuni tukanunua vitunguu vingi kuliko akili. Kisha tukaanza kupanda Kitonga nyuma ya msururu wa malori, gia ya kwanza, ya pili, ya kwanza tena.

"Baba," mama akasema kutoka kiti cha nyuma, "gari lako linanukia sukari guru."

"Ni breki za malori, mama."

Breki za malori hunuka, lakini haijatokea zikanukia vizuri. Mara taa ya betri ikawaka, nami, niamini usiamini, nikashusha pumzi. Betri si kitu, nitanunua nyingine Iringa. Sikujua kwamba kwenye injini ile mkanda unaozungusha alternata, ile inayochaji betri, ndio huo huo unaozungusha pampu ya maji. Kufika kona iliyofuata mshale wa joto ulikuwa umegota juu kabisa, na mvuke unatoka pembeni mwa boneti.

Nikasimama hapo hapo, upande mmoja mwamba, upande wa pili bonde. Juu yetu kidogo kulikuwa na lori limeegeshwa linapoza injini, utingo wake akaja mbio na gogo lake la kuzuia tairi. Akalisukumia nyuma ya gurudumu letu. Akavunja matawi, akayapanga barabarani kuonya wanaokuja. Ndipo akamgeukia mama na kumpa shikamoo. Kijana wa miaka ishirini hivi, fulana ya mpira imetoboka begani.

Nikachukua kitambaa nifungue rejeta. Akanidaka mkono.

"Bosi, hiyo sura umeichoka?"

Mfuniko ule umeandikwa 0.9. Baadaye nilikuja kujua maana yake: presha inayoshikiliwa mle inayaacha maji yafike karibu nyuzi 118 bila kuchemka, na ukifungua tu yanachemka yote kwa pamoja, yanaruka na mvuke usoni kwako. Tukasubiri. Mama akakaa juu ya jiwe, kanga kichwani. Saa nzima ikapita.

Sehemu hii naikumbuka kama ya jana. Kijana alitoa simu yake ya kitochi, akaibana kwa meno, akaingiza mikono yote miwili. Mkanda ulikuwa umechomoka, umening'inia. Akashika puli akaitikisa: kwaka, kwaka, kwaka. "Beringi imekufa," akasema na simu mdomoni. Kisha kidole chake kikapita chini ya pampu, kikasimama. Kikarudi. Akakwaruza kwa ukucha, akaomba bisibisi. Kipande cha kijivu kikabanduka, kikaangukia kiganjani mwake. Akatoa simu mdomoni, akakimulika, akakigeuza geuza kama mtu anayeangalia jino lililong'olewa.

"Nani kaziba hapa?"

Lori likapita taratibu, linahema. Mama alikuwa hatua tatu kutoka kwetu.

"Fundi," nikasema.

"Fundi wa Dar?"

"Fundi mmoja tu, pale mtaani."

Akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli. "Huyo alitakiwa awe ndani. Hapa pameachwa wazi makusudi, bosi. Mle kuna sili inayozuia maji, nyuma yake kuna beringi inayobeba mhimili. Sili ikianza kuchoka, maji yanatokea hapa, yasifike kwenye beringi, na wewe uyaone mapema. Yeye kaziba. Maji yamekosa njia, yameingia kwenye beringi yameosha grisi yote." Akanikabidhi kile kipande, sijui nikifanyie nini. Nikakitia mfukoni.

Nilitazama chini. Yule mzee wa kona, aliyeniambia ukweli bure, nilikuwa nimemtangaza muuaji wa magari katikati ya mlima.

"Mafundi wa siku hizi," mama akasema polepole, macho yako bondeni. "Ukiwaelekeza hawasikii." Akafungua kikapu, akampa kijana karanga. Kisha akanipa na mimi.

Yaliyobaki yalikwenda haraka. Tulivutwa kwa kamba mpaka Ilula, pampu na mkanda vikaletwa jioni na basi kutoka Iringa mjini, gasketi ya silinda hedi ikawa imenusurika kwa miujiza. Ukweni tukafika usiku, salamu za Kihehe, kamwene, kamwene, ugali mezani. Hakuna aliyeulizwa kitu.

Niliporudi Dar nilienda kwa yule mzee kama mwanafunzi. Akaniambia: nusu kulanti, nusu maji yaliyosafishwa, hayo ya kisima mwagilia mchicha. Yabadilishe kila miaka 2. Mkanda usikazwe kama waya wa gitaa, unaivuta beringi upande mmoja na sili inafuata. Ukifunga pampu usiipake silikoni kama siagi, itakatikia ndani iende kuziba rejeta. Nimeyashika yote. Nilichokwenda kumwambia hasa sikumwambia. Mwaka uliofuata akahamisha gereji, na mpaka leo najiuliza mtu unamwombaje radhi kwa neno ambalo hakulisikia. Pengine ningemtia uchungu bure. Pengine natafuta kisingizio.

Basi Jumamosi hii nimechuchumaa barazani na kidole kimelowa pinki, mke wangu akapaza sauti kutoka jikoni.

"Baba Neema, mwite fundi. Ila si yule wa Kitonga."

Miaka yote hii sijawahi kumsimulia habari ya Kitonga zaidi ya kwamba gari lilichemsha.

"Baba," kitindamimba akauliza, "fundi wa Kitonga ni nani?"

Nikamwambia akaniletee tochi.