Jinsi nilivyoivuka saa ya magharibi baada ya kufiwa na mume

Marehemu alikuwa akirudi kutoka kazini bandarini magharibi. Tangu tumzike, saa hiyo ikifika kifua kinabana, sikio liko getini, chakula hakipiti, na usingizi hauji mpaka alfajiri.

Nililala kwa dada yangu Likoni, nikaacha redio wazi usiku kucha, nikameza dawa za usingizi nilizoandikiwa. Kikundi cha wajane kanisani kilinisaidia kulia mbele ya watu, na hilo si dogo, lakini magharibi ilibaki palepale.

Kisha mwanangu akaniletea mbwa koko mchanga. Tulianzia kwa daktari wa mifugo, akadungwa chanjo ya kichaa cha mbwa (hurudiwa kila mwaka, usiiruke). Nikawa namtembeza asubuhi. Nilipata mazoezi, basi.

Kilichofanya kazi ni kuhamisha saa. Matembezi na chakula chake nikavipeleka magharibi hasa. Saa kumi na mbili kasoro namfunga kamba, tunashuka ufuoni Bamburi. Karibu na msikiti naishika fupi, watu wana udhu wao. Tukirudi namchotea ugali na dagaa, nami nakula hapohapo, maana hagusi chake huku ananikodolea macho. Na mbwa akishazoea saa hakuachi: nikizubaa kitini, analeta kamba mdomoni.

Mume wangu bado namkumbuka. Usingizi umerudi, na zile dawa daktari alinipunguzia polepole hadi zikaisha. Masika ufuo haukaliki, kwa hivyo tunazunguka mtaani tu, saa ileile.