Mamangu mkwe na kaburi la nguzo kule Gede

Mimi Gede, yale magofu ya mji wa kale wa Waswahili karibu na Malindi, nimeenda mara kibao tangu niko primari, zile safari za kujazwa basi na mkate wa siagi kwenye mfuko, lakini yale makaburi sikuwahi kuyaangalia vizuri mpaka juzi nilipoenda na mamangu mkwe. Yeye ni Mgiriama wa huko ndani ndani, maneno machache. Msikiti hakuujali sana, kisima akakichungulia tu akapita zake. Tulipofika kwa lile kaburi lenye nguzo ya mifereji mifereji akasimama, akaliangalia wee, afu akaniuliza, "Mwanangu, hiki si kigango hiki?"

Nikacheka. Kigango ni mti wa kuchongwa anaosimamishiwa marehemu, hii ni matumbawe na chokaa, na aliyelala hapo ni Muislamu, manake humo humo Gede kuna kaburi jingine limeandikwa mwaka kabisa, 802 Hijria, yaani 1399, ndo lilomsaidia James Kirkman, yule mwanaakiolojia aliyeanza kuchimba pale 1948, kukadiria umri wa vitu vingine. Nikamwaga elimu yangu yote hapo. Mama hakucheka hata kidogo.

Akanieleza kwao mzee wa Gohu, kile chama cha wazee wakubwa, akifa huwa hasimamishiwi kigango siku ile ile. Anazikwa, watu wanaendelea na maisha, mpaka aje mwenyewe kwa ndoto aanze kulalamika kwamba wamemsahau, hapo ndo unatafutwa mti mgumu unachongwa, kichwa cha duara, kifua kimejaa vijipembetatu, kinafungwa vitambaa na kumwagiwa mnazi. Na kikishasimama haking'olewi ng'o! Hata boma likihama kinaachwa pale pale kioze chenyewe.

Sasa hilo swali lake limenikaa kichwani wiki nzima. Haya makaburi ya nguzo Uarabuni huyakuti, ni mambo ya pwani yetu hii, kuanzia Somalia kuteremka mpaka Tanzania. Wasomi wanavutana nguzo ilitoka wapi na mimi si msomi, ila naona mtu anaweza kusilimu, akaswali tano, akazikwa kwa sanda na mwanandani, na bado jamaa zake wakaona haifai mkubwa wao alale bila kusimamishiwa kitu. Najua kuna watakaokuja kuniambia kujengea kaburi hakufai. Sawa, nimesikia, lakini wazee walijenga, na kule Takwa, kisiwani Manda huko Lamu, watu wa Shela walikuwa wakivuka kwenda kuomba mvua kwenye kaburi la nguzo la 1094 Hijria.

Halafu kuna habari ya sahani. Wenye uwezo walikuwa wakipachika vyombo vya Kichina kwenye makaburi yao, na wezi wakaja kuvibandua. Kunduchi, kule Dar, nimeona kwa macho yangu vile viduara vitupu, sahani hakuna, chokaa ndani bado ina alama ya kitako chake. Nilipomwambia mama akasema kwao ni hivo hivo, kwenye boma la babake viliondoka vigango viwili usiku mmoja na hakuna aliyesikia hata mbwa. Vingi vya namna hiyo viliuziwa watalii vikaishia makumbusho ya Marekani, baadhi vimerudishwa juzi juzi. Vya babake sijui hata pa kuanzia kuulizia.

Kabla hatujaondoka akafungua chupa yake ya maji, akachutama, akamwaga kidogo pale chini ya nguzo huku ananong'ona kitu kwa Kigiriama. Nikaona aibu, nikataka kumwambia mama hapa ni kaburi la Kiislamu, mdomo ukawa wazi tayari, afu nikakumbuka tulivomzika babangu mwaka jana, tulivomaliza kufukia udongo mtu wa kwanza kushika ndoo akamwagia maji kaburini alikuwa mimi.

Yule kijana aliyekuwa akitutembeza naye kajifanya anaangalia kima.