Mrija uliopinda ubavuni mwa giaboksi ya Volkswagen

Ukiipiga jeki Volkswagen Beetle upande wa nyuma, ukaiweka juu ya stendi imara, ukaondoa gurudumu la kushoto na kumulika kwa tochi ubavuni mwa giaboksi, utaona mrija mfupi usiofika dhiraa moja, umefunikwa na grisi iliyochanganyika na vumbi. Upande wa mbele umevikwa mpira na kuingia kwenye chasisi, upande wa nyuma umekaa kwenye breketi ndogo, na katikati umening'inia kwa kupinda kuelekea chini. Nyuma yake unatokea waya unaofika kwenye mkono wa chuma wenye nati ya masikio mawili. Katika gari langu, ambalo ni la modeli ya 1968, mrija huo ulikuwa umenyooka karibu kabisa, na ndani ya boneti ya mbele mlikuwa na mfuko wa nailoni wenye wosha kadhaa zilizofungwa pamoja kwa waya. Matundu ya wosha hizo yalikuwa mapana kuliko bolti yoyote niliyoweza kuihusisha nazo, na kila moja ilikuwa imeng'aa upande mmoja, ishara kwamba iliwahi kukaa mahali ikisuguana na kitu.

Niliuliza mrija ule ni wa nini, nikapata majibu yasiyofanana. Mmoja aliniambia ni wa kupumulia giaboksi, mwingine akasema ni kipande cha bomba la petroli ambacho kimebaki bila kazi, na wote walikubaliana kwamba wosha zile ni za kutupwa. Majibu hayo yalitokana na kuutazama mrija kwa umbo lake tu. Kwa umbo, mrija ni mrija. Unaweza kuwa wa mafuta, wa hewa au wa kitu chochote. Kumbe ulikuwa sehemu ya klachi, yaani mfumo unaounganisha na kutenganisha injini na giaboksi, na kifaa cha mfumo huo hutambulika vizuri zaidi kwa kufuata nguvu inayopita ndani yake, yaani kujua inaanzia wapi, inaishia wapi, ni kitu gani kinachosogea na ni kipi kinachokataa kusogea.

Kazi ya kwanza ni kuondoa visivyohusika, na katika gari hili kazi hiyo si ngumu, kwa sababu nyaya zinazotoka kwenye handaki la katikati ya chasisi ni chache na kila moja ina mwisho wake. Waya wa mafuta, yaani ule unaovutwa na pedali ya kuongeza mwendo, hupanda na kupenya kwenye nyumba ya feni hadi kwenye kabureta. Nyaya za breki ya mkono ni mbili, na kila moja huishia kwenye gurudumu lake la nyuma. Nyaya za hita nazo ni mbili, nyembamba, mmoja kushoto na mwingine kulia, na huishia kwenye masanduku ya joto yaliyo chini ya injini. Unaobaki ni mmoja tu, mnene kiasi, unaopita ndani ya ule mrija uliopinda na kuishia kwenye mkono ulio ubavuni mwa giaboksi, nao ndio waya wa klachi.

Hata hivyo, kujua kwamba waya ni wa klachi hakukueleza kwa nini umevikwa mrija mahali pale, wala kwa nini mrija wenyewe upinde. Jibu la hilo nililipata kwa fundi mmoja mzee wa hapa Moshi. Nilimsalimu, nikamwonyesha, nikamwuliza, "Mzee wangu, huu mrija una kazi gani hasa?" Hakunijibu kwa maelezo. Aliniambia, "Ushike kwa mkono, kijana wangu, halafu mwambie mwenzako akanyage klachi taratibu." Injini ilikuwa imezimwa. Nilipoushika na pedali ikaanza kushuka, nilihisi mrija ukikaza ndani ya kiganja changu na kutaka kujinyoosha, ukiisukuma breketi kwa nyuma wakati waya wa ndani unavutwa kwenda mbele. Pedali ilipoachiwa, ukalegea tena. Basi waya unavuta na mrija unasukuma, kwa nguvu zinazolingana na mwelekeo unaopingana.

Huo ndio utaratibu uliopewa hataza nchini Uingereza mwaka 1896 kwa jina la Ernest Monnington Bowden, na kila mwenye baiskeli ya breki za waya anao mkononi: kama ganda la nje la waya lisingekuwepo, waya wa breki usingeweza kupita kwenye kona za usukani. Volkswagen waliutumia mahali pale kwa sababu inayoeleweka ukitazama jinsi gari lilivyoundwa. Injini na giaboksi ni mwili mmoja uliofungwa kwenye chasisi kupitia raba, na raba hizo huruhusu mwili huo utikisike. Klachi inapoanza kukamata, injini na giaboksi husogea kidogo, ilhali chasisi imetulia. Kama waya ungetoka kwenye chasisi na kwenda moja kwa moja kwenye mkono wa giaboksi bila ganda, kila msogeo ungeukaza au kuulegeza wenyewe, bila dereva kugusa kitu: klachi ingekamata, giaboksi ingesogea, waya ungekaza, klachi ingeachia, giaboksi ingerudi, kisha ingekamata tena. Mrija huzuia hayo kwa kuwa breketi unayoisukuma iko kwenye giaboksi ileile yenye mkono unaovutwa. Giaboksi ikisogea, vyote viwili husogea pamoja, na waya hauongezwi wala haupunguzwi.

Mpindo nao una kazi yake, na hapa ndipo ninapowaomba wenye magari haya wawe waangalifu kuliko mahali pengine popote. Waya unaopita katika mrija uliopinda huegemea ukuta wa ndani, na msuguano ule mdogo hutuliza mitikisiko ambayo ingesafiri kutoka injini hadi kwenye klachi. Kipimo cha kiwandani ni kwamba mrija ushuke kati ya milimita 25 na 45 chini ya mstari ulionyooka kati ya ncha zake mbili. Ukiupima kwa rula ya chuma, utajua mara moja hali yake. Ukipungua chini ya hapo, gari hutetemeka na kudundadunda linapoondoka, hasa mlimani na kwenye gia ya nyuma. Ukizidi, pedali huwa nzito na waya hulika ndani kwa ndani hadi ukatike.

Wosha zile basi zikapata maana yake. Hukaa kati ya breketi na ncha ya nyuma ya mrija. Ukiongeza wosha, ncha hiyo husogezwa mbele, nafasi kati ya chasisi na breketi huwa finyu, na mrija hulazimika kupinda zaidi. Ukipunguza, hunyooka. Tundu lao ni pana kwa sababu ncha ya mrija hupita katikati yake, na upande uling'aa kwa sababu ulikuwa ukigandamizwa na mrija kila pedali ilipokanyagwa. Yaelekea giaboksi iliwahi kushushwa, na aliyeirudisha aliona vyuma hivyo havina bolti yake, akavifunga vizuri na kuvihifadhi. Ninamshukuru kwa kutovitupa.

Ninalitilia mkazo jambo hili kwa sababu mtetemo wa kuondoka ndio unaofanya watu wengi wanunue klachi mpya bila sababu. Nilikuwa nimekwisha kushauriwa nishushe injini, nibadilishe presha pleti na diski (vipande vya ndani vya klachi), na huenda ningebadilisha na mtetemo ungebaki vilevile. Sisemi kwamba kila mtetemo unatokana na mrija. Oili inayovuja kutoka kwenye sili ya krenki upande wa flaiwili, lile gurudumu zito la injini linalobeba klachi, ikifika kwenye diski huleta mtetemo, na raba za giaboksi zilizochoka huuleta pia. Lakini kupima mpindo hakugharimu chochote zaidi ya rula na mikono kuchafuka, kwa hiyo ndilo jambo la kuanza nalo. Raba zifuate, na injini ishushwe mwisho.

Kuna hitilafu nyingine inayofanana na hii na inayowachanganya hata mafundi wazuri. Ndani ya handaki la chasisi, waya hupita katika bomba la chuma lililochomelewa, na ule mrija wetu huegemea mwisho wa bomba hilo. Kichomeleo kikiachia, bomba lote husogea pedali inapokanyagwa, na nguvu ya mguu huishia kulisukuma bomba badala ya kuvuta mkono wa giaboksi. Dalili yake ni klachi kutokata vizuri, yaani kutoachia kabisa, hata baada ya kurekebishwa mara kwa mara. Mwenzako akikanyaga pedali huku wewe umeushika mpira wa mbele wa mrija, utahisi kama kuna kitu kinasogea pale ambapo hapapaswi kusogea kitu.

Ugumu wa kutambua vifaa vya magari haya unazidi kwa sababu gari moja huweza kubeba vifaa vya miaka mbalimbali. Beetle zilishinda Safari Rally mwaka 1954, 1957 na 1962, wakati mashindano yalipopita Kenya, Uganda na Tanganyika, na ziliendelea kutengenezwa Puebla, Meksiko, hadi Julai 2003. Katika muda mrefu kiasi hicho spea zilibadilika. Mfano ulio karibu na mada yetu ni beringi ya kuachia klachi, ile inayoisukuma presha pleti pedali inapokanyagwa: hadi modeli za 1970 ilishikwa na vibanio kwenye uma wake tu, na kuanzia modeli za 1971 ikawekewa mrija wa kuiongoza uliofungwa kwenye giaboksi. Presha pleti za zamani zina pete katikati, za baadaye hazina. Ukikutanisha beringi ya aina moja na presha pleti ya aina nyingine, pedali itakuambia kwa ukali, kwa hiyo usinunue spea kwa jina la gari peke yake; peleka dukani kile cha zamani, au picha yake pamoja na vipimo. Waya wenyewe pia una urefu tofauti kwa miaka tofauti.

Kwa gari langu, nilisafisha mrija kwa dizeli, nikahakikisha haujapasuka wala waya haujaanza kuchomoza nyuzi, nikapaka grisi ndani, kisha nikarudisha wosha moja baada ya nyingine, nikipima kila mara, hadi mpindo ukafika katikati ya kipimo. Nati ya masikio hurekebishwa baada ya mpindo kukaa sawa, kamwe si kabla, kwa kuwa kila wosha hubadilisha urefu wa njia ya waya. Pedali inatakiwa iwe na mchezo wa milimita 10 hadi 20 juu yake kabla uzito haujaanza kuhisiwa. Mchezo ukikosekana, beringi huzunguka muda wote na kufa mapema; ukizidi, klachi haikati na gia hupiga kelele. Nati yenyewe ina vinundu viwili vinavyokaa katika vishimo vya mkono wa giaboksi, kwa hiyo iache ikiwa imelala ndani ya vishimo hivyo, la sivyo itajifungua yenyewe barabarani. Wosha mbili zilizobaki nimezirudisha kwenye mfuko wake, na juu yake nimeandika kwa kalamu isiyofutika: za mrija wa klachi, zisitupwe.