Kwa miguu hadi Kizimkazi: njia ya kuanzia kwa anayekwenda peke yake

Kutoka Mji Mkongwe wa Zanzibar hadi Kizimkazi Dimbani, kusini mwa Unguja, ni kama kilomita 55. Ukitaka kuuzuru kwa miguu msikiti wake, wenye maandishi ya Kikufi (mwandiko wa kale wa Kiarabu) ya mwaka 500 Hijria (1107 Miladia), njia ziko zaidi ya moja, na wageni wa kutembea hukimbilia ile ya pwani kwa sababu inapendeza macho.

Ya pwani ni kupanda gari hadi Paje, kushika mchanga kupitia Jambiani hadi Makunduchi, kisha kukata kwenda Kizimkazi. Mchanga mgumu huupati ila maji yamekupwa. Siku za bamvua (mwezi mwandamo au mwezi mpevu) maji hukupwa mnamo saa nne asubuhi na kujaa saa kumi jioni, kwa hivyo asubuhi njia iko wazi. Siku za maji mafu (mwezi ukiwa nusu) mambo hugeuka: wewe unaanza safari, bahari nayo inapanda, inakusukuma kwenye mchanga laini hadi magoti yanalia. Iache kwa safari ya pili.

Njia ya Jendele na Cheju, penye mabonde ya mpunga, ni tulivu. Lakini magari ni machache, na mguu ukigoma utakaa hapo hapo.

Kwa mara ya kwanza shika barabara kuu: Mwanakwerekwe, Tunguu, Bungi, Jozani, Kitogani, halafu kusini. Haina uzuri wa picha, ila daladala 326 ya Kizimkazi inapita humo humo, na hiyo ndiyo bima yako. Igawe siku tatu: Tunguu (kama kilomita 16), Kitogani (21), Kizimkazi (18). Jioni panda daladala urudi kulala nyumbani, kesho uanzie pale pale ulipoachia. Kituo kiwekee alama, mti au duka, usije ukaruka kipande.

Tembea upande wa kulia, uyaone magari yanayokuja. Jozani kuna kivuli kizuri, na matuta yaliyowekwa kuwanusuru kima punju yanapunguza mwendo wa magari. Baada ya Kitogani kivuli kinakwisha. Hapo ni nchi ya mawe na vichaka, haina mito, maduka yako mbalimbali. Toka Kitogani na lita 3 za maji, na chumvi kidogo kwenye chakula. Maji matupu peke yake juani huleta kizunguzungu. Mwezi mzuri ni Julai au Agosti, wakati wa kipupwe. Januari, kwenye joto la kaskazi, usijaribu.

Kinachowarudisha wengi nyumbani ni lengelenge, tena chanzo chake mara nyingi ni udhu. Mtu anaosha miguu, anavaa soksi na miguu bado mibichi, anatembea. Ngozi iliyolowa hulainika, soksi inaisugua, baada ya saa moja kisigino kimevimba maji. Chukua kitambaa kidogo, kausha baina ya vidole kimoja kimoja, kaa dakika tano miguu wazi, ndipo uvae soksi kavu za pili. Zile mbichi zining'inize kwenye mkoba.

La sala pia: kwa madhehebu ya Shafi, qasri, yaani kufupisha sala safarini, inataka marhala mbili, takriban kilomita 82, na zinahesabiwa za kwenda tu. Hapa hazifiki, basi sali kamili kwa wakati wake. Na usiifungie safari hii nadhiri kama ya Makka au Madina. Kuna hadithi mashuhuri kwamba safari hufungiwa misikiti mitatu tu: wa Makka, wa Madina na wa Aqsa. Ni ziara.

Siku ya tatu ukiondoka Kitogani saa moja asubuhi, kwa mwendo wa kilomita 4 kwa saa na mapumziko mawili ya robo saa, unafika karibu na saa sita mchana. Lenga hapo hapo, maana nje ya nyakati za sala unaweza kuukuta mlango umefungwa.