Redio ya shemeji haiuziki

Shemeji kaja likizo kutoka Uingereza, kaniwekea redio ya mkononi juu ya meza pale Kirumba, Mwanza, katikati ya spika zilizokufa na chaja za taa za dagaa. "Uza, tugawane." Mgongoni ina kipande cha plasta kimeandikwa masafa yake kwa kalamu: 129.9, yaani MHz.

Huko kwao Jumamosi anajitolea kwenye klabu ya glaida, ndege zile zisizo na injini. Yeye harushi (huyu hata kivuko cha Kamanga kinamtoa jasho), kazi yake ni chini, kuongea na mtu wa winchi. Winchi inavuta waya uliofungwa kwenye glaida, taratibu mpaka unyooke, ndipo inatoka amri ya kuvuta kwa nguvu na glaida inapaa kama tiara. Kukiwa na hitilafu ni neno moja tu, simama, na lazima lifike papo hapo. Glaida ikiishia kutua shambani kwa watu, gari linaloifuata nalo lina redio.

Nilijua redio ya rubani ikishakuwa na leseni, basi. Kumbe ile leseni ni ya ndani ya ndege. Ukisimama nayo nyasini wewe ni kituo cha ardhini, unatakiwa leseni nyingine ya Ofcom, mamlaka ya mawasiliano ya huko, japo kifaa ni kilekile kilichokuwa angani nusu saa iliyopita. Nikaona ni usumbufu wa wazungu tu, mpaka nilipowaza kifundi. Bendi ya ndege, 118 hadi 137 MHz, inatumia AM, namna ya kubeba sauti tofauti na FM: wawili wakibonyeza pamoja unasikia mluzi, hakuna anayeeleweka. Na aliye juu anasikia vituo vya mbali sana ambavyo vyenyewe chini havisikiani. Klabu nyingi zinagawana chaneli chache. Mmoja akipiga soga, anaziba masikio ya marubani wa wilaya nzima.

Mzee mmoja mwenye mitumbwi ya dagaa akaiona.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Fundi, hiyo inafika Ukerewe?"

"Mzee wangu, hii haiongei na boti. Chaneli 16 ya majini ni MHz 156.8, tena FM. Hii itaongea na ndege zinazotua hapo uwanjani."

Akacheka. "Basi nitawaambia marubani bei ya dagaa."

Ndicho hasa ninachokiogopa. Leseni ya Uingereza haivuki mpaka. Hapa Tanzania masafa yanatolewa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na kifaa chenyewe lazima kiidhinishwe. Nikiuza, mnunuzi atabonyeza siku hiyohiyo. Mimi mwenyewe kidole kiliniwasha, maana fundi gani anapokea redio asiijaribu? Nimeishia kupima betri tu: volti 7.6, nzima kabisa.

Shemeji kanuna. Anaondoka Ijumaa. Betri nimeitoa nikaifunga peke yake kwenye gazeti, kitufe kisije kikabanwa na zile kilo tano za sangara mkavu alizojaza begini.