Kesi ya mdogo wangu mgonjwa wa akili: tulivyopita kortini Mombasa

"Mwambie akubali makosa, atapigwa faini, jioni mko nyumbani." Aliyesema hivyo ni ami yangu, mtu mzima wa heshima zake, na nusura nimfuate. Mdogo wangu ana skizofrenia. Alikuwa amevunja vioo vya duka la watu, shtaka likawa kuharibu mali kwa makusudi. Sasa mtu anayesikia sauti, ukimsomea shtaka atajibu "ni kweli" ili mradi aachwe. Likishaandikwa hilo amejitia hatiani mwenyewe, na faini isipopatikana ni gereza la Shimo la Tewa, dawa hakuna aliyeiuliza.

Ushauri wa pili ulitoka upande wa kina mama: ficheni ugonjwa, wakijua atapelekwa Mathari, hospitali ya wagonjwa wa akili Nairobi, na hamtamwona tena. Hofu hii ina mzizi. Kifungu cha 166 cha sheria ya utaratibu wa kesi za jinai kilimfanya aliyeonekana alitenda kosa akiwa hana akili timamu azuiliwe kwa hiari ya Rais, bila muda. Mahakama Kuu imeshakikosoa kwamba hakiendani na Katiba. Lakini hicho ni cha mwisho wa kesi. Asubuhi ya kwanza kinachokuhusu ni cha 162: hakimu akiwa na sababu ya kuamini mshtakiwa hawezi kujitetea kwa ajili ya akili yake, lazima achunguze, na akiridhika anasimamisha kesi. Kama shtaka lina dhamana, anaweza kumwachilia akionyeshwa kwamba atatunzwa, hatajidhuru wala kudhuru mtu, na ataletwa akiitwa.

Soma tena hapo pa kutunzwa. Hakimu anatafuta mtu wa kumkabidhi, wala si chozi la mama.

Kwenye kesi ya mauaji mshtakiwa hupelekwa kupimwa akili kabla ya kujibu shtaka. Kwenye kesi ndogo usiposema wewe, hasemi mtu. Na husemi ukiwa umeketi benchi la nyuma unapunga mkono. Saa moja na nusu asubuhi nilikuwa nje ya chumba cha korti, nikampata mwendesha mashtaka kabla hajazama kwenye mafaili yake, nikampa karatasi moja. Moja tu. Jina na nambari ya OB, kile kitabu cha matukio cha polisi. Ugonjwa, na mwaka alioanza kliniki. Dawa, kipimo, na lini alimeza mara ya mwisho. Nani atakaa naye, na simu yake. Nyuma yake kopi ya kurasa mbili za kitabu cha kliniki. Kitabu chenyewe kibaki nyumbani, kikiingia kwenye faili la korti kimezama.

Tulipochemka ni kwenye ripoti ya daktari. Amri ya kwanza iliandikwa "apimwe akili", basi. Nilifurahi kama mjinga. Kwanza siku ya kupelekwa gari halikuwapo, tarehe ikapita, kesi ikatajwa tena, ikapangwa tena. Alipofika hospitali alikuwa ameshameza dawa karibu wiki tatu, ametulia, anasalimia watu. Jibu likarudi mstari mmoja: anaweza kujibu mashtaka. Na daktari hakukosea! Aliulizwa hali ya leo akajibu ya leo. Siku ya vioo hakuulizwa, na hiyo ndiyo iliyokuwa na uzito, kwa sababu utetezi wa kutokuwa na akili timamu, kifungu cha 12 cha sheria ya adhabu, unaangalia dakika ile ya kutenda.

Mara ya pili wakili aliomba amri yenye maswali matatu. Je, leo anaelewa mashtaka na anaweza kumwelekeza wakili? Siku ya tukio hali yake ilikuwaje, kwa kadiri rekodi za kliniki zinavyoonyesha? Anahitaji matibabu gani, na anaweza kuyapata akiwa nyumbani? Nikaomba kwa karani kopi yenye muhuri, nikaipeleka kliniki kwa mkono wangu, nikapangiwa siku ya kupimwa, kisha nikarudi kwa afande aliyepewa kazi ya kumsindikiza na kumwachia siku hiyo pamoja na nambari ya simu ya kliniki. Kwa tuktuk na kopi sidhani kama ilizidi elfu mbili. (Asiye na wakili aulize huduma ya serikali ya msaada wa kisheria, iko chini ya sheria ya mwaka 2016.)

Dawa ndizo zilizonitoa jasho. Artane, kidonge cha kuzuia misuli isikazwe na dawa za akili, mtaani inauzwa kwa walevi, kwa hiyo vidonge vyeupe ndani ya karatasi ya gazeti, askari anaona bugizi, vidonge vya kulevya. Peleka kwenye pakiti ya duka la dawa yenye jina la mgonjwa, cheti kikiwa kimeambatishwa, na uombe iandikwe kwenye OB kwamba imepokewa. Usiipunguze Artane kwa kuogopa maneno: haloperidol, dawa ya kutuliza sauti, ikibaki peke yake inaweza kupinda shingo na kukaza taya, selo nzima ikasema kapandisha jini. Anayetumia lithiamu, dawa ya hisia zinazopanda na kushuka, hangaikia maji. Joto la selo zetu na chupa moja kwa siku vinatosha kuipandisha dawa kwenye damu mpaka mikono itetemeke sana, atapike, ayumbe, na hiyo si ya kungojea kesho. Clozapine, nayo dawa ya skizofrenia, ikikosekana zaidi ya saa 48 hairudishwi kwa kipimo cha zamani, inaanza upya na miligramu 12.5, basi mwambie mganga wa gereza kabla hajampa yote kwa huruma.

Sisi tuliponea kwa sindano. Alikuwa ameshawahi kuchomwa Modecate, sindano ya skizofrenia inayokaa mwilini kwa wiki kadhaa, na ikamkubali, daktari akamrudishia, ya kila wiki nne. Rumande vidonge vinapotea, vinabadilishwa kwa sigara, mtu anatema. Sindano ikishaingia, imeingia.

Kwa dhamana nilipeleka barua ya chifu, tarehe ya kliniki inayofuata, na majina ya watu watatu wa kupokezana naye, usiku umo. Hakimu aliuliza usiku.

Mwenye duka tulimwendea na wazee wawili wa mtaa na karatasi ya bei ya fundi vioo, elfu sita na ushei. Msiende peke yenu, na msitoe pesa bila maandishi, isije ikaonekana mnamhonga shahidi. Kosa kama hili korti inaweza kuruhusu mlalamishi aondoe malalamiko, kifungu cha 204 cha ile sheria ya utaratibu wa kesi za jinai, lakini lazima asimame yeye mwenyewe aeleze sababu. Barua yake peke yake haikutosha, tukapangiwa tarehe nyingine. Na wenye ndugu aliyeshtakiwa kwa kujaribu kujiua, mkumbusheni wakili kwamba kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu, kinachofanya hilo kuwa kosa, Mahakama Kuu ilikitangaza kinyume cha Katiba Januari 2025.

Tarehe hiyo nyingine iliangukia juu ya tarehe ya sindano. Tukachoma siku mbili kabla, korti baadaye.